Nusu ya Wasukaji

Kyebando, Kampala
12 Agosti 2024

Kwa dada yangu mpenzi Maimunah,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Arua, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wako umepoa. Sisi huku tupo, dada, ila heri ni kidogo.

Pole tena kwa msiba wa Lailah, binti wa mama mdogo. Uliniuliza kwenye simu alifikaje hali ile, nikakujibu ni Mungu. Nimeona nikuandikie, maana kwa sauti nisingeweza.

Kazi yetu ya kusuka kawa za kufunikia chakula unaijua. Bibi Hindu ndiye mwenye wateja na kibanda cha soko la Nakawa. Mimi niko chini yake, na wasukaji watano wako chini yangu. Msukaji hamfikii Bibi Hindu ila kwa kupitia kwangu, nami simfikii mteja ila kwa kupitia kwake. Kila ngazi ilikata chake, na aliyeinamia kawa siku nne alibaki na robo ya faida.

Mwanzoni mwa mwaka Lailah, mmoja wa hao watano, alisema, kwa upole wake ule, kuwa bila njia ya kumfikia mteja kawa haiuzwi, lakini bila mikono hakuna cha kuuza. Aliomba wasukaji wapate nusu, sisi wa juu tugawane iliyobaki. Akanituma kwa Bibi Hindu. Niliporudi niliwaambia amekataa.

Basi Lailah akazidisha kusuka. Uvimbe wa titi alikwisha kuuona, akawa anasema atakwenda hospitali ya Mulago akipata pesa za vipimo. Alipozipata, daktari alimwambia amechelewa. Tulimzika Ijumaa iliyopita. Bibi Hindu alipokuja matangani wasukaji walimpa mgongo, na mama mdogo akakataa mkono wake. Akarudi kwake asijue kosa lake.

Dada, Bibi Hindu hakukataa. Alikubali siku ileile, na tangu hapo amekuwa akinikabidhi nusu nzima ya wasukaji. Niliwapa robo yao ya zamani. Iliyobaki ndiyo mabati ya nyumba yangu.

Jana nilimwendea mama mdogo nikamwambia yote. Hakulia. Aliniuliza tu, "Lailah alijua?" Nikasema hapana. Akaniagiza nikamwite Bibi Hindu, aje wakae pamoja. Akasema mimi nisirudi naye.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Ukiona vema kunijibu, nitashukuru. Usipojibu, sitakulaumu.

Mdogo wako,
Nuriat