Uso wa Papa Kwenye Sahani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote: nililisha familia yangu uso wa papa, baba yangu mzazi. Nimemaliza shule juzi tu, tulihama Kabambare mimi, mama na mdogo wangu Cadette, na hapa Kasongo ninajifunza kusaidia watu wenye majonzi, basi mwalimu wetu, Maman Honorine, alituwekea mchele, maharagi na unga wa muhogo mezani, akasema kabla ya kusikiliza wengine kila mmoja atengeneze kwa vyakula hivyo sura ya huzuni yake mwenyewe, aitazame, halafu tutaizika nyuma ya darasa, nami nikamtengeneza papa, aliyefukiwa na udongo kwenye shimo la dhahabu kule Salamabila, macho ya maharagi, ndevu za unga, nikamwona ananitazama kweli.

Wenzangu walizika. Mimi nilijua nyumbani hakuna chakula, nikamkusanya papa ndani ya kitenge. Mama akaupeta ule mchele, ndevu zikaruka na upepo, akacheka. “Muchele ya wapi hii, mutoto wangu? Ulete tena!” Cadette akaramba sahani.

Kesho yake Cadette akashikwa na homa, mpaka leo hataki kula, mama anauliza, “Huyu alikula nini?” nami nadhani nimemlisha kifo cha papa, na darasani siwezi kurudi, nikisema mama atanichukia, nisiposema Cadette atakufa. Tafadhali, usitaje jina langu.

Binti wa Kabambare

*

Binti yangu, pole. Sasa simama. Mtoto mwenye homa asiyekula anapelekwa kituo cha afya leo, kwa pikipiki au mgongoni. Huzuni haiingii chunguni, malaria inaingia nyumbani kila siku. Umekaa ukilia huku mtoto anaungua! Hapo nakugombeza.

Ukirudi darasani, na utarudi, mwulize Maman Honorine kwa nini anawaambia wenye njaa wazike mchele. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Halafu mwambie mama yote, mpaka zile ndevu. Atalia, pengine atakasirika, sikudanganyi. Papa yako alishuka shimoni ili mle. Siku ile mlikula.

Jina lako nimelificha. Nawe msomaji wa Kasongo, ukimtambua binti huyu sokoni, fumba mdomo: mama yake asikie kwake kwanza.