Sukari Ambayo Hatukuijua

Mama yangu,

Goti lako limepoa? Na mahindi, yamestahimili mvua ya mawe? Huku Woodley, Nairobi, baridi imeingia, tunaamka na sweta. Mimi na Wycliffe wangu tu wazima, na huyu wa tumboni anacheza kweli kweli. Ningepiga simu, lakini wewe simu huiweka sauti kubwa boma zima likasikia. Haya ni yako peke yako.

Pale Kenyatta Market ninaposuka nywele, wateja wakiona tumbo hawaji mikono mitupu. Msusi mjamzito huletewa soda, mandazi, keki. Nami kiu ilikuwa imenishika, chupa naimaliza kabla mteja hajaketi vizuri.

Kisha ukaja muwasho huku chini, na uchafu mweupe mzito. Nilinunua dawa ya kupaka, ukapoa, ukarudi. Wenzangu wakanishauri nijioshe kwa maji ya chumvi, nikajichoma bure. Mmoja akacheka, "Wacha kujitesa, dadangu. Uliza mzee wako amekuwa wapi."

Nilimuuliza, Mama. Wycliffe, mtu wa kutoka kazini moja kwa moja hadi kwenye sahani! Alinitazama hadi nikamwonea huruma. "Twende kliniki wote wawili," akasema. "Tupimwe, tujue."

Yeye hakupatikana na kitu. Mimi muuguzi aliniambia nirudi asubuhi bila kula, nikanyweshwa maji matamu ya kuchefua, nikatolewa damu. Nina kisukari cha mimba.

"Sukari ikiwa juu, hao fangasi wanaokuwasha ni kama umewapikia," alisema muuguzi. "Na ndani usioshe na kitu, mama. Maji tu, na nje tu."

Nimepewa dawa ya kuingiza ukeni. Soda nimeacha, ugali ni kipande kidogo, sukuma wiki tele, na kazini naenda kwa miguu. Wateja sasa wananiletea matango, wamenuna kuliko mimi.

Lakini muuguzi aliuliza pia kama kwetu kuna mama aliyewahi kupata mtoto mkubwa mno, au kumpoteza tumboni. Nikamkumbuka ndugu yangu uliyemzika, mkubwa hadi wakunga wakashangaa, na kiu uliyosema ilikuwa ikikuamsha. Nikamkumbuka Senje Robai, dada yake Baba, aliyekuletea uji siku mtoto alipoacha kucheza. Tangu hapo unamwita mchawi, na huli chochote kilichopita mikononi mwake.

Nilimsimulia muuguzi yote. Akasema hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumwona, lakini uji wa bakuli moja hauui mtoto tumboni. Sukari isiyojulikana yaweza.

Niliumia, Mama. Si kwa ajili yangu, wangu anafuatiliwa kila kliniki. Niliumia kwamba ulifiwa, na juu ya msiba ukabebeshwa chuki. Utasema Nairobi imenifundisha ubishi. Sawa. Lakini nenda hospitali upimwe sukari, maana kiu bado unayo, na Baba akusindikize.

Msalimie Baba, na kaka yangu Joel, na mkewe aliyenifumia nguo za mtoto. Nyanya mwambie maombi yake nayasikia.

Kwa Senje situmi salamu. Nenda mwenyewe, Mama. Ukimkuta anakula, nawa mikono, ule naye.

Binti yako,
Everlyne