Wanalitaka Kayamba, Mvua Wanayo

Jumanne, jua la saa nane. Upepo hakuna, minazi imesimama tu. Nimekaa ndani, mlango nimeurudisha, naandika kwa kidole kimoja kama kawaida yangu.

Nilidhani leo nitaandika nimefurahi.

"Mvua ya Bi Saumu" inakuja Mombasa, mwezi ujao. Ule mchezo wetu wa nyimbo, uliokuwa ukichezwa kila Ijumaa jioni kwenye hoteli moja huku Diani. Hoteli ikafungwa, na mchezo ukafa nayo. Mwaka jana wakaufufua Nairobi, kwenye ukumbi mkubwa wa viti vyekundu, na sasa wanauleta hapo tu, ng'ambo ya Likoni. Grupu yetu ya WhatsApp, ya wapenzi wa mchezo, haitulii tangu juzi. Watu wameshashona sare. Mercy, msusi wa Ukunda, ndiye admini, ameahidi kuwasuka wanawake wote mtindo wa Bi Saumu, na wanaume ati tunyoe vizuri tusiwaaibishe.

Mimi nasoma tu. Siandiki neno. Nahisi kama ile siku niliyong'olewa jino. Shavu lipo, lakini ukiligusa ni la mtu mwingine.

Nieleze kwa asiyejua. Kwenye hoteli ile nilikuwa nasafisha bwawa la kuogelea. Shule niliishia darasa la sita, na kuongea mbele za watu siwezi, natetemeka mpaka meno. Lakini mchezo ulitaka mvua. Hadithi yenyewe ni ya bibi harusi ambaye siku ya harusi yake kijiji kimekauka, hakuna hata maji ya kumkogesha, akaimba mpaka ikanyesha. Wakatafuta mtu wa kunyesha. Mjomba wangu alikuwa ameniachia kayamba, lile la matete lenye mbegu ndani, ukiliinamisha polepole linalia kama matone juu ya paa. Nikawekwa nyuma ya pazia nalo. Miaka mitatu hakuna mgeni aliyeniona.

Nilikuwa mvua.

Kazi ile si ya mikono, ni ya macho. Bi Saumu alikuwa Mwanasha wa Kinondo, aliyekuwa akitandika vitanda hapo hapo hotelini. Pazia lilikuwa na tundu, na mimi kwenye tundu namwangalia mabega. Mabega yakipanda, anavuta pumzi, hapo naanza tone moja, mawili. Ijumaa moja alisahau maneno kabisa. Akasimama mbele ya wageni, mdomo wazi. Nikanyesha. Nikanyesha mpaka akayakumbuka. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Nairobi walimchukua Mwanasha peke yake. Ni sawa, sauti ni yake.

Jana dada mmoja wa ofisi yao akaniandikia. Kwa adabu sana, sina la kumlaumu. Wanaliomba kayamba. Nilisoma nimesimama, nikadhani jambo, sitaliandika hapa. Nikaendelea kusoma, nikakaa. Wanataka kulitundika ukutani pale watu wanapoingilia, na karatasi chini yake, "Kayamba la kwanza". Atakuja mtu wa bodaboda kulichukua. Nijibu kabla ya Alhamisi. Kuhusu mvua nisiwe na wasiwasi, sasa inatoka kwenye spika, pande zote za ukumbi.

Kwenye grupu wakaweka kipande cha hiyo mvua mpya. Mercy akaandika, "Wueh, hii mvua imenibamba, nimeskia baridi na niko kwa drier." Mwingine akasema siku hiyo yeye anakuja na gambuti. Nikaweka visikizio nikasikiliza. Nilitaka iwe mbaya.

Si mbaya. Ni nzuri kuliko yangu, mpaka radi inayo.

Hata hapo sikukasirika. Nilikula, nikaosha sahani, nikamwambia mama kwamba kayamba wanataka kulitundika. Akaniuliza, "Ukutani, kama picha ya marehemu?" Akaendelea kukuna nazi.

Leo asubuhi Mwanasha akanitumia sauti. Mara ya kwanza tangu aende. Mwanzo anacheka. "Rama, kaka yangu, hujambo? Nasikia kayamba linakuja kukaa ukutani. Na wewe je, utatundikwa wapi?" Kisha nikasikia mlango ukifungwa huko aliko. "Mvua yao sisemi ni mbaya. Lakini haina macho. Juzi pumzi ilinikwama, yenyewe ishapita zamani. Nikabaki mkavu mbele ya watu."

Nimeisikiliza mara nne. Nikangoja nihisi kitu. Sikuhisi.

Nilichofanya ni kupanda kitanda nikalishusha kayamba kutoka juu ya kabati. Nikalipangusa vumbi kwa shati langu. Nikafumba macho, nikayaona mabega yake. Nikaanza. Tone moja, mawili, kisha nikalilaza lote.

Sijui nilipiga muda gani. Mama alikuwa amejinyoosha jikoni, usingizi umemchukua. Nilichosikia ni kelele zake uani. "Mvua! Rama, makopa! Makopa yanaloa!" Mihogo yake hiyo, aliyoikatakata akaianika tangu Jumapili. Nikatoka mbio. Nikamkuta kaukumbatia mkeka nusu, makopa mengine yako mchangani, na jua linampiga usoni.

Akaangalia juu. Akaniangalia mimi, na kayamba mkononi.

"Kumbe ni wewe uliyenyesha," akasema. "Mtoto huna haya." Akaketi pale pale chini, akacheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

Mimi sikucheka. Lakini mikono ilikuwa ya moto kwa kupiga, na ilikuwa mikono yangu.

Tukaokota makopa, tukayapuliza mchanga moja moja. Halafu nikaingia ndani nikamwandikia yule dada wa ofisi. Nimefuta mara sita. Iliyobaki ni hii: "Shikamoo dada. Kayamba sitalitoa kwa bodaboda. Nitakuja nalo mwenyewe. Naomba wakati wa wimbo wa Bi Saumu nikae nalo nyuma ya pazia, mahali ninapoweza kuyaona mabega yake. Mchezo ukiisha, litundikeni mtakapo."

Shikamoo sijui kama ilifaa, huenda ni mdogo kwangu. Basi imeshakwenda.

Bado tiki moja. Mtandao wa huku ndio huu. Na wakikataa, je, nitaweza kukaa kwenye kiti na sare yangu kama watu, niisikilize mvua isiyo na macho, na Mwanasha amesimama pale? Hilo sijalijua. Sare yenyewe sijashona.

Mama ameyaanika makopa upya. Anasema siku nyingine nikitaka kunyesha, nimpe habari mapema.