Mazoezi Niliyokuachia

Tarehe 11 Februari

Mwanangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, umekula na umelala. Mimi nipo, nashukuru, isipokuwa hii nyonga, ambayo sasa ina chuma ndani na inajidai kama mgeni wa heshima: haitaki kuinamishwa, haitaki kusukumwa. Ndiyo malipo ya kupanda kigoda kufuata kitambaa rafu ya juu wakati fimbo ya kukivutia ilikuwapo. Usinicheke. Au cheka, lakini kidogo.

Daktari ameniandikia mazoezi ya viungo, na nimekwisha kwenda mara tatu kwa mtaalamu mmoja niliyembatiza Kunja-Kunjua, maana hana neno jingine. Ananikunja, ananikunjua, nami namwita majina yote mabaya ninayoyajua. Lakini kazi yake anaijua. Nilimwambia wazi: mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu, bila mguu huu sina kazi na sina la kuniamsha asubuhi. Akasema nikifuata mazoezi bila kuruka, nitakanyaga tena kabla ya mwaka kwisha. Sijasikia neno tamu kama hilo tangu nianguke.

Sasa nieleze hii kadi ya bima ya kazini kwako. Binti wa mapokezi ameniambia mazoezi yana kikomo. Kikomo gani, na ni cha nani? Kuuliza si ujinga. Niandikie, usinipigie, sikio langu na simu hawapatani. Na mgongo wako je? Ulipokuja kuniuguza nilikuona unavyoinuka kitini, umeshika kiuno kama mjamzito.

Mama yako


Tarehe 26 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea hapa ghalani, nimekaa juu ya maboksi, wenzangu wakiniuliza nacheka nini peke yangu. Mwambie Kunja-Kunjua nasema asante, na asikuonee huruma.

Kuhusu bima: mazoezi ni thelathini kwa mwaka. Lazima iwepo barua ya daktari, ambayo unayo. Kila ukienda unalipa kidogo pale dirishani, hicho nitakutumia. Kinachobaki wanalipa wao. Kadi ni yetu sote wawili, mimi mwenye kazi na wewe tegemezi wangu, kwa hiyo usimwogope mtu. Naandika mbiombio maana kengele ya kurudi kazini inakaribia kulia.

Mgongo nao upo, unanisalimia kila nikiinua mzigo. Daktari wa kazini amesema hata mimi natakiwa mazoezi, tena mengi, la sivyo ataniondoa kwenye kubeba, na hapa asiyebeba hana kazi. Nitaenda mambo yakipungua. Wewe usiruke hata siku moja.

Mwanao


Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine nakutangulizia kwa barua ijayo, maana najua utachelewa. Hali yangu si mbaya. Mguu unaendelea kama mguu.

Umeshakwenda kutazamwa huo mgongo? Nenda. Usiniambie mambo yakipungua. Mambo hayajawahi kumpungukia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulianza kuficha tangu ukiwa na surua. Mazoezi yapo, mengi, yanakungoja. Usihesabu, usijibane, nenda mpaka wakuambie umepona. Mimi nilikubeba mgongoni nikishona, ukinivuta nywele, na wangu haukulalamika. Wa kwako unadeka nini?

Nakuomba kama mama, na ukikataa nakuamuru.

Mama yako


Tarehe 15 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimekutii. Nilianza mwezi wa nne mwishoni, na sasa naweza kufunga kamba za viatu bila kumwita Mungu. Msimamizi ameniona ninavyoinua mizigo na ameniacha kwenye kazi yangu. Ulikuwa sahihi, kama kawaida yako, na najua utaisoma sentensi hii mara mbili.

Ila mama, barua yako imejaa mgongo wangu, mguu wako haumo. Umeanza kukanyaga? Kunja-Kunjua anasemaje? Niandikie vizuri, usinipe majibu ya mlangoni.

Mwanao


Tarehe 9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Hukunijibu ya Juni. Nilijipa moyo nikasema labda umerudi kazini, una nguo nyingi za watu.

Juzi watu wa bima walituletea taarifa ya mwaka huu mpaka sasa, nani ametibiwa nini. Mimi nimekwenda mara kumi na nane. Wewe tatu. Nikadhani wamekosea, nikaomba ruhusa nikaenda ofisini kwao. Mama wa dirishani akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Kila jina lina fungu lake: thelathini zako, thelathini zangu, na hakuna anayeweza kugusa za mwenziwe. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Mazoezi ya baada ya upasuaji yana muda wake, miezi sita tangu siku ya upasuaji, ikipita basi. Yako yaliisha mwezi uliopita. Ishirini na saba, hayajaguswa.

Nilimsihi, nikamsihi tena. Akasema pole, na alimaanisha, lakini hakuwa na la kufanya.

Kwa nini, mama? Alikuumiza? Alikujibu vibaya? Nenda kesho, nitalipa mwenyewe, usiulize ni kiasi gani. Nenda.

Mwanao


Tarehe 3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu nilitaka niende kwanza, nisikuandikie la kubahatisha.

Nilidhani ni chungu kimoja. Uliniandikia kadi ni yetu sote wawili, mazoezi thelathini, na kwamba wewe unatakiwa mengi la sivyo kazi inapotea. Nikaona nikijipakulia mimi, wewe utakuta ukoko. Basi nikaacha. Sikuliona kuwa jambo kubwa. Ulipokuwa mdogo tulikuwa tunakula sahani moja, nami nilitafuna polepole na kupiga hadithi nyingi mpaka wewe ushibe. Hukuwahi kujua. Nilifanya vilevile, na sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungekataa.

Nilijaribu kujinyoosha mwenyewe nyumbani, nimeshika meza. Kulipouma nikaogopa chuma kitachomoka, nikawa nakaa. Siku moja ya kukaa inazaa nyingine.

Kunja-Kunjua amenipima wiki hii. Alijaribu kukunja, hapakukunjika. Akaenda kunawa mikono, akakaa huko zaidi ya mtu anayenawa, akarudi. Anasema kiungo kimeshikana na misuli imesinyaa. Mazoezi yatapunguza maumivu, na nitaweza kutembea humu ndani kwa fimbo. Kukanyaga cherehani, hapana. Nilimwuliza tena kwa maneno mengine, nikidhani labda nimeuliza vibaya, akanijibu lile lile.

Cherehani nimempa mwenzangu mshona sare. Walipokuwa wanaitoa mlangoni niliwafokea wasiikwaruze, utadhani nitaihitaji kesho. Nina uchungu, mwanangu, sitakudanganya. Naamka mapema vilevile kama zamani, napiga mswaki, navaa, halafu nakaa kitandani sijui niende wapi.

Usijilaumu. Najua utajilaumu, ndiyo maana naandika.

Mama yako


Tarehe 20 Septemba

Mama,

Shikamoo.

Nilikuandikia ile barua kengele ikikaribia kulia. Sentensi moja tu ilipungua, kwamba kila mtu ana lake. Ningechelewa kazini dakika mbili, ungekuwa unashona leo. Wala sikuijua vizuri hiyo bima yenyewe. Nilijifanya najua kwa sababu uliniuliza mimi.

Nimeacha kwenda mazoezini. Siwezi kulala kwenye kile kitanda ninyooshwe mgongo, nikijua wewe ulikaa ili mimi ninyooshwe. Mtaalamu wangu wa huku amenipigia simu, sipokei. Maumivu yameanza kurudi na nayaacha yarudi.

Nisamehe.

Mwanao


Tarehe 2 Oktoba

Wewe mtoto,

Leo sikusalimii kwanza. Nina hasira, na sijawahi kukuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Nani amekutuma uache? Mguu wangu umekwenda. Nimeulilia, na jana nimeulilia tena nilipoona mteja wangu wa zamani anapita na gauni lenye mshono mbovu. Hilo ni langu, niachie. Lakini ukiacha na mgongo wako uende, nitakuwa nimeupoteza mguu bure kabisa, na hilo sitaweza kulibeba. Unasema nilikaa ili wewe unyooshwe. Ndiyo, na ukanyooka! Ndicho kitu pekee kilichofanikiwa nyumba hii mwaka mzima, nawe unataka kukivunja kwa mikono yako kisha uniite mama.

Nilikosea kuielewa kadi, mwanangu. Kukupa sikukosea. Hukuniibia kitu, kwa hiyo usijitie adhabu ya mwizi.

Kunja-Kunjua naye sijamwacha. Naenda kwa ajili ya maumivu, kwa ile pesa unayotuma, na nikirudi nalala usingizi kidogo.

Nenda kesho asubuhi. Ukirudi uniandikie hata mstari mmoja. Nitakuwa naungoja, sina kazi nyingine.

Mama yako


Tarehe 27 Oktoba

Mama,

Shikamoo.

Nimekwenda leo. Mtaalamu alipoanza kuninyoosha nikalia kwa sauti, akaniachia haraka, akaniomba radhi, akidhani ameniumiza. Nikamwambia aendelee.

Mwanao