Nywele za Mama Konsolata

Kibondo, Jumamosi. Masika, 1973.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya rasharasha isiyokatika. Mikono yangu bado inanuka mawese ingawa nimeisugua sana kwa sabuni. Moyo ni mzito.

Jumamosi ndiyo siku yangu ya kusuka. Wanawake wa kigango huja barazani kwetu ili Jumapili waonekane watu. Mwenye nywele timutimu huitwa kichaka hapa, na mimi pia nimewahi kucheka mtu akiitwa hivyo.

Leo alikuja Mama Konsolata, jirani yetu aliyekimbia mauaji Burundi mwaka jana. Kesho mtoto aliyemzalia huku anabatizwa. Tangu afike hajavua kitambaa kichwani mbele ya watu. Wenzake kanisani walikuwa wakimsema pembeni, na juzi wakamwambia usoni asisimame mbele ya padri na kichwa kile.

Mama yangu alinipa wembe. "Mnyoe tu. Zitaota nyingine."

Nilipofungua kitambaa niliona mama hakukosea. Nywele zilikuwa zimegandamana zikawa kitu kimoja, kigumu kama ngozi iliyokaukia juani. Chanuo halikupita. Nikalowanisha wembe.

Akanishika mkono.

"Konsolata ndiye aliyenisuka," alisema. "Jioni ile kabla hatujakimbia."

Konsolata alikuwa binti yake wa kwanza. Aliugua njiani, wakamzika porini kabla ya kuvuka Malagarasi. Muda wote huu tumekuwa tukimwita mwanamke huyu kwa jina la mwanawe, na hakuna aliyeuliza mwenye jina yuko wapi.

Niliuweka wembe chini.

Mama yangu aliingia jikoni, akarudi na bakuli la mawese ya vuguvugu. Nikayamimina, nikaanza kuchambua kwa vidole na ncha ya sindano ya magunia. Kiha chetu na Kirundi chake havipishani sana. Kila nilipovuta kwa nguvu alisema tu, "Buhoro, mwana wanje." Taratibu, mwanangu. Machozi yalimtoka. Sikujua kama ni kichwa kilichokuwa kikimuuma.

Waliokuja kusukwa walisubiri, wengine wakaondoka wamenuna.

Alasiri nilifika ndani kabisa. Misuko ya Konsolata ilikuwa bado ipo, myembamba, kazi ya mtu mwenye subira. Mingi ilikatika mkononi mwangu. Mmoja tu, nyuma ya sikio, ulikuwa mzima. Nikasita.

Mama Konsolata akaupapasa. "Huu niachie mimi."

Aliufumua mwenyewe, kidogo kidogo, macho ameyafumba. Hakuna aliyemharakisha. Hata mama yangu alikuwa amekaa chini karibu yake.

Kisha akainamisha kichwa. "Sasa nisuke. Twende kilioni."

Ndivyo tunavyouita mtindo wa mistari inayoteremka moja kwa moja hadi kisogoni, wa mwanamke anayekwenda msibani. Nilitaka kumwambia kwamba kesho ni sherehe, kwamba watamsema tena. Sikumwambia. Nilimsuka, na nadhani sijawahi kunyoosha mistari vile.

Nywele zilizokatika alizikusanya zote, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaenda kumnyonyesha mtoto.

Kesho nitakaa naye benchi la mbele. Atakayetaka kutazama atutazame wote wawili.