Bakuli la Shaba la Bibi

Jumatatu, 7 Julai

Nimemtungia Athumani uzi kwenye sindano tena. Kaka yangu, fundi wa kofia anayejulikana Kisauni nzima, hawezi kutunga uzi. Mkono unamtetemeka. Maneno yanamkwama. Na kofia yake mwenyewe ya harusi iko nusu.

Namkumbuka alipokuwa mtoto, kakaa barazani ubavuni mwa Babu, anashona viua, vile vitobo vya kofia. Kimoja kikipinda, Babu hukifumua. Athumani halii. Anaanza upya.

Mama anasema ni jicho la watu. Kaandikisha kombe. Aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi, maji yakamiminwa kwenye bakuli la shaba la Bibi yalale humo hadi asubuhi. Sote tulinyweshwa humo utotoni. Mimi nilikuwa nikiipenda homa kwa ajili ya harufu ile.

Ijumaa, 11 Julai

Athumani kajimwagia chai kifuani mbele ya wakweze. Wakajifanya hawakuona. Adabu ile imeniuma kuliko wangecheka.

Mama anataka kombe jingine. Nimekataa. Nampeleka hospitali, apende asipende.

Jumatano, 16 Julai

Daktari kammulika macho. Pete ya hudhurungi kuzunguka mboni zote mbili. Miaka yote tukimtania kwamba ana macho ya Kimanga, ya Kiarabu, atawaua wasichana. Kumbe ni shaba.

Nimeelewa hivi. Kila chakula kina shaba kidogo, na ini huitoa ile ya ziada. Ini la Athumani haliwezi, tangu kuzaliwa. Ikajaa huko, ikafurika, ikapanda na damu hadi ubongoni. Shaba iliyozidi huzua chembe kali zinazounguza ubongo taratibu, kama kutu ya pwani inavyokula mabati yetu. Ni maradhi ya kurithi. Baba na Mama ni watoto wa ndugu. Kila mmoja kabeba kasoro hiyo bila kujua. Na mimi nipimwe. Hilo sikuwa nimeliwaza.

Mama akauliza juu ya bakuli. Daktari akamjibu kwa upole: "Bakuli halikumletea maradhi, mama. Lakini maji yakilala ndani ya shaba, huichukua. Kwa huyu, kuanzia leo, gilasi."



Jumanne, 22 Julai

Majibu yangu yametoka. Mzima. Nilifurahi, kisha nikaona haya kufurahi.

Athumani kazidiwa. Daktari alituonya kwamba dawa ikianza kuivuta shaba, hali huweza kuharibika kwanza. Kijiko hakishiki. Korosho marufuku, pweza marufuku, maini marufuku; vyote vina shaba nyingi. Kwake yeye korosho ndiyo iliyomuuma zaidi. Kaninunia mimi, utadhani ndimi niliyepiga marufuku.

Wakwe wameahirisha harusi. Wameahirisha, hawajavunja. Najiambia hivyo kutwa.

Nimemkuta Mama kalipakata bakuli, analia. "Nilimnywesha kwa mkono wangu, mwanangu. Na bismillahi juu." Nilikaa naye tu.

Daktari kasema kilichokwisha kulika huenda kisirudi chote. Naogopa. Sina neno jingine.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua asubuhi. Athumani kameza vidonge vyake kabla ya chai, bila kukumbushwa. Anaongea polepole bado, ila tunamwelewa.

Bakuli liko dirishani. Mama analitilia asumini siku hizi. Nyumba inanukia kama Bibi yungali hai.

Alasiri kaiomba kofia yake ya harusi. Nikachukua sindano nimtungie, kama kawaida. Kanyoosha mkono nimpe. Nikampa, nikajitia kupanga nguo. Alikosa, akakosa tena. Kisha uzi ukapita.

Kashona kiua kimoja. Kimepinda. Babu angekifumua. Mama kasema wallahi hakigusi mtu.

Athumani kanitaka nimsogezee kiti penye mwanga, akaanza cha pili.