Sufuria Hazina Kosa

Mdogo wangu,

Huku wazima sote, isipokuwa ulimi wangu. Nikitangaza mabasi kituoni maneno yanaburuzika, hadi bosi akaninusa mdomo mbele ya abiria. Mimi, nisiyejua hata ladha ya pombe!

Daktari kasema ni shaba. Mwili hauitoi, imejaa kwenye ini na ubongo. Dawa ipo. Mama kusikia shaba, kagawa sufuria zake zote. Sasa anatupikia kwenye ndoo. Daktari akamwambia, "Mama, sufuria hazina kosa. Ugonjwa huu ni wa kurithi, kutoka kwako na kwa mumeo." Mama akaanza kumlaumu Baba peke yake.

Juzi ulipiga simu kunicheka, na maneno yako yakaburuzika kama yangu.

Nawe hunywi. Nenda kapime.

Dada yako,
mlevi wa kituoni